Supu Nyeupe ya Mpishi wa Suna

Mteja mzuri kwangu ni yule anayenyosha kidole, analipa na kwenda zake. Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nawatoa mbuta Sindo, kule ziwani, mapema, nawafikisha soko la Migori jua likiwa bado halijapata nguvu, na kuanzia hapo kila dakika ni adui yangu. Mpishi hakuwa mteja wa namna hiyo. Yeye alikuwa anainama. Anafungua shavu la samaki kwa kidole gumba, anachungulia ndani, ananusa, anambonyeza ubavuni halafu anangoja aone kama nyama itarudi mahali pake. Nyuma yake watu wanne wamesimama na vikapu, na yeye anangoja tu.

"Nyar Sindo," ataniuliza, "huyu ametoka majini leo au jana?"

Nyar ni binti. Ndivyo wanavyoniita huku Suna, mtaa wetu wa Migori, tangu niolewe, binti wa Sindo, kana kwamba kule kwetu nilizaliwa peke yangu.

"Jaduong', mzee wangu, ametoka leo. Kwani ameandikwa jana usoni?"

"Jicho lake limechoka."

"Hata langu limechoka. Utanunua ama hutanunua?"

Alikuwa ananunua. Siku zote alinunua, na siku zote alinilaumu kwanza. Alikuja siku yoyote isipokuwa Jumamosi, maana alikuwa Msabato wa kweli, asiyewasha hata kiberiti siku hiyo. Ijumaa alasiri ungemwona anakuja kwa hatua za haraka, koti limefungwa vifungo vyote kwenye joto hilo la Migori, anaharakisha asije akakuta jua linazama, Sabato inaingia, na samaki bado mbichi.

Kitu kingine alichokuwa akinunua kilinishangaza zaidi: mgongo wazi. Asiyeijua biashara yetu nimweleze. Mbuta akipelekwa kiwandani, minofu inakatwa pande zote mbili na kusafirishwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, na hicho ndicho kinachorudi sokoni kwa ajili yetu sisi wenye ziwa. Watu hununua mgongo wazi kwa sababu ya mfuko. Mpishi alinunua mbuta mzima na mgongo wazi pamoja, siku moja, kikapu kimoja. Nilidhani ana mbwa. Nilipomuuliza, aliniangalia kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Mbwa gani? Hiyo ndiyo supu. Nyama ni mgeni tu anayepita ndani yake."

Jina la Mpishi alipewa kwa dharau. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya Wafini, mume na mke Wazungu kutoka Ufini waliokuja na mradi wa kuchimba visima. Aliwafulia, akawalimia bustani, hatimaye akawapikia. Wenzake waliokwenda kutafuta kazi walirudi na mabati na baiskeli. Yeye alirudi na sufuria moja nzito ya chuma, mwiko wa mbao uliokwisha upande mmoja, na mbegu zilizofungwa kwenye karatasi. Kwao ni Sindo pia, na kaka zake walipoona mzigo huo walicheka mpaka wakashika mbavu. Kaka mkubwa alisema mbele ya watu wote kwamba huyu ndugu yetu ni mpishi tu, anajua vitunguu kuliko anavyojua ng'ombe. Neno hilo lilivuka mlima likatufikia Migori kabla yake. Alipojenga Suna, tayari lilikuwa linamngoja.

Ajabu ni kwamba hakulikataa jina. Ukimwita Mpishi anakunja uso. Ukimwita kwa jina lake la ubatizo hageuki.

Mbegu zile alizipanda kando ya ukuta, zikatoa jani jembamba kama nyuzi, la kijani hafifu. Mara ya kwanza kuliona nilisema, "Dania yako imekonda, Jaduong'." Nilipewa somo la nusu saa. Si dania. Wafini hawapiki supu ya samaki bila jani hilo. Na halichemshwi, linanyunyizwa mwisho, moto ukiwa umeshazimwa. Alilimwagilia maji asubuhi na jioni hata kiangazi, wakati kuku wake mwenyewe walikuwa wanatafuta pa kunywa.

Nchi ya Wafini hakuwahi kuikanyaga. "Naijua kwa tumbo," alisema. Lakini alizisimulia habari zake kama mtu aliyerudi kutoka huko juzi. Kwamba ziwa linaganda, watu wanatoboa tundu na kuvua wakiwa wamekaa juu yake. Kwamba wanakula mkate mweusi mgumu. Kwamba wana chumba cha mbao ambamo wanakaa uchi kwa joto, wakimwagia maji mawe ya moto, hakuna anayesema neno. Wafini wake walijenga kimoja nyuma ya nyumba, hapa hapa Kenya, kana kwamba jua letu halitoshi. "Wanajipika wenyewe," alituambia, na alisema hivyo kwa heshima kabisa.

Sasa niseme jambo lililokuwa linamuuma, maana bila hilo humjui. Mke wake hakuwahi kuonja chakula chake. Hata kijiko. Alipikia wageni miaka yote ile, wakamsifu, wakampiga picha na sufuria, lakini nyumbani kwake mwenyewe hakuruhusiwa kuinua kifuniko. Mama Atieno alikuwa mwanamke wa maneno machache na misimamo mingi. Kwetu sisi Wajaluo jiko lina mwenyewe, na mwanamume akizoea kukaa penye mafiga watu wanauliza mkewe amekufa ama amemshinda. Yeye hakutaka kuulizwa. "Huko alikuwa kazini," aliniambia. "Hapa ni nyumbani. Nani atasema nilimwacha mume wangu anipikie?"

Basi Mpishi alinunua jiko dogo la makaa akaliweka nyuma ya banda la kuku, na huko ndiko alikopika supu yake. Mtu mzima, koti limefungwa, kwenye kigoda, katikati ya kuku. Ndugu yangu, nilicheka. Nitasema uongo wa nini? Siku ya kwanza kumkuta huko nilicheka wazi wazi, na yeye hakuinua hata macho. Alichota kwenye bakuli akanipa.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme samaki na maziwa wanakutana wapi. Mboga za majani tunatia maziwa, hiyo najua, lakini mbuta? Nikaonja. Nyama ilikuwa inaachana yenyewe, laini, haina mfupa hata mmoja. Viazi vimeiva lakini havijavunjika. Karoti, kitunguu, siagi, na ule mchuzi mweupe mzito wenye malai, una utamu wa maziwa juu na chini yake una ziwa lote. Halafu lile jani. Nilimaliza nikalamba bakuli, mimi niliyekula samaki tangu sina meno. Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Nilikasirika kwamba kitu kama hicho kilikuwa kinapikwa nyuma ya banda la kuku.

"Mama Atieno ameonja?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Mpelekee."

"Nilimpelekea. Aliwapa paka." Akakoroga makaa kwa kijiti. "Paka walimaliza," akaongeza.

Kwenye mapishi alikuwa na amri zake. Maziwa hayataki ugomvi, alisema, ukiyapigia kelele yanakukimbia. Samaki anaingia mwisho, na akishaingia, mwiko unawekwa chini, mtu asiuguse tena. Unashika sufuria kwa vitambaa viwili na kuitikisa polepole. Na supu ile hailiwi na ugali. Hapo alikuwa mkali kama kasisi. Inaliwa na mkate. Nilimwambia hakuna supu katika nchi hii isiyoliwa na ugali, tukazozana siku mbili. Alinihubiria uvumilivu huku yeye mwenyewe akigombana na muuza makaa kila wiki. Chumvi aliipima kwa ncha ya kidole kama dawa ya mtoto, lakini bakuli alijaza mpaka pomoni na hakumnyima mtu aliyepita. Nusu ya mtaa ilikuwa imekula kwake. Nyumbani kwake, aliyekuwa hajala ni mtu mmoja tu.

Kisha Atieno, bintiye, akapata mchumba. Kijana Mkuria kutoka karibu na mpaka, mpole, fundi wa pikipiki pale Migori. Watu wake walikuja kuiona nyumba, na Mama Atieno akawaandalia inavyostahili watu wa ziwa: ngege wazima, kila mgeni na wake, kichwa na mkia, mchuzi wa nyanya. Samaki wale niliwaleta mimi. Walikuwa wazuri mno.

Kosa letu lilikuwa moja, na ni kosa ambalo mtu wa ziwa peke yake anaweza kulifanya. Hatukufikiria mifupa. Sisi ulimi unaichambua wenyewe huku tukiongea siasa. Wale ni wafugaji, wamekulia maziwa na nyama. Walikuwa wanamwangalia ngege kama anayeweza kuruka. Wakala kidogo kidogo, kimya, na mjomba wa kijana, mzee mnene mwenye fimbo, ambaye ndiye msemaji wao, akajitahidi kwa adabu akameza. Mfupa ukamkwama. Tukampa matonge makavu ya ugali ayameze bila kutafuna, macho yakamtoka machozi, mwisho ukashuka. Alicheka. Wote wakacheka. Lakini sahani zilirudi jikoni zimejaa, na hakuna tusi kubwa kwa mwanamke kama hilo. Waliaga mapema wakasema watarudi wakipata nafasi.

Nafasi haikupatikana. Mwezi ukaisha, na wa pili. Ikaletwa habari kwamba yule mjomba amesema, kwa utani lakini amesema, labda nyumba ile haitaki tushibe. Atieno alikuwa anafua nguo huku analia, anafikiri hatumwoni.

Hatimaye wakatuma neno: watakuja Jumapili. Nilidhani Mama Atieno atachinja kuku, na asubuhi ya siku hiyo, nilipomletea gunia la samaki, nikamwambia hivyo.

"Kuku wanao kwao," alisema. "Wakila kuku hapa, wataondoka wakisema samaki wetu wamewashinda. Watakula samaki. Lakini asionekane mfupa hata mmoja." Akapangusa mikono ambayo haikuwa na maji. "Nenda nyuma ya banda. Mwambie Baba Atieno aje jikoni."

"Si umwambie mwenyewe? Ni mume wako."

"Wewe nenda."

Nikaenda. Mpishi aliposikia alifungua kifungo cha juu cha koti lake, akakifunga tena. "Aje jikoni, ndivyo alivyosema? Hakusema nilete sufuria tu?" Nilimwambia amesema jikoni. Alisimama, akaenda kuoga. Kuoga kabisa, saa tatu asubuhi, kama anayekwenda kanisani.

Mama Atieno alimwachia nafasi mbele ya moto akakaa pembeni kumenya viazi, uso umekaza. Mpishi alichemsha mgongo wazi, akachuja, akabakiza mchuzi mwingi kwenye sufuria kubwa. Akaanza kupika katika ile nyingine ya chuma: viazi, karoti, kitunguu, maziwa. Mimi nilipewa kazi ya samaki. Nilitoa minofu, nikapapasa mifupa kwa vidole mara tatu, nikakata vipande. Nikaviosha. Vikawekwa ndani, na Mpishi akainama kutazama, na palepale maziwa yakakatika. Yakawa maji ya kijani na madonge meupe yanaelea.

Akageuka kuniangalia. "Nyar Sindo. Umemwosha samaki na nini?"

Nilikuwa bado na nusu ya limau mkononi. Nimeosha samaki kwa limau tangu nina miaka sita. Mama yangu aliosha kwa limau. Hakuna mwanamke wa Sindo atakayekupa samaki ambaye hakupita kwenye limau, si uchafu huo? Nilitamani ardhi ya Suna inimeze na gunia langu.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alimwaga ile sufuria yote nje, kuku wakakimbilia, akarudi akaisugua. "Samaki amebaki?" Amebaki, nusu nzima, sijamgusa. "Viazi?" Mama Atieno alikuwa ameshaanza kumenya vingine, kisu kinapaa. Mchuzi wa mifupa upo. Maziwa ndiyo yaliyokuwa yameisha. Jumapili saa hiyo, maziwa ya Suna yote yalikuwa yameshanywewa chai.

Na nje tukasikia hodi ya wageni.

Mama Atieno, yule mwanamke wa misimamo, alifunika uso kwa leso. Mimi nilitoka kuwapokea wageni, nikiwa na limau bado mkononi kama mwizi aliyeshikwa. Wakwe walikuwa saba. Yule mjomba alikuwa mbele na fimbo yake, na nyuma yake vijana wawili wamebeba mtungi wa bati kati yao.

"Hatukuja mikono mitupu," alisema mjomba. "Ng'ombe wamekamuliwa alfajiri ya leo."

Sikumbuki kama nilisema asante. Nilijua tu mtungi ule uko mikononi mwangu na nakimbia. Mpishi alifungua kifuniko, akaonja kwa ncha ya kidole, akafumba macho. Malai ilikuwa imepanda juu, nene, ya manjano. "Hata Wafini hawakuwa na maziwa haya," alisema.

Akapika upya huku wageni wakisalimiana na kuomba. Samaki alipoingia, Mama Atieno akanyosha mkono kuchukua mwiko, akamwona mumewe ameshika sufuria kwa vitambaa viwili anaitikisa. Mkono wake ukasimama hewani.

"Nani alikufundisha kutikisa hivyo? Wazungu?"

"Mama yangu," alisema. "Hakuwa na binti. Mimi ndiye nilikuwa nakaa naye jikoni. Wale Wafini niliwakuta nao hawamkorogi samaki."

Mama Atieno alikuwa ameishi naye miaka yote ile na hakujua hilo. Wala mimi. Alikuwa hajawahi kulisema, na kaka zake waliomcheka walikuwa wamelelewa na chakula cha mikono yake.

Supu ikaenda mezani. Mjomba aliitazama, akatia kijiko, akakipeleka mdomoni polepole kama anayekanyaga matope asiyoyajua. Ulimi ulikuwa unatafuta mfupa, tulimwona sote. Kijiko cha pili. Cha tatu. Akainua kichwa.

"Mifupa iko wapi?"

"Nimeiacha jikoni," alisema Mpishi.

"Na nani amepika?"

Atieno aliinamisha macho. Mpishi akasema, "Mimi."

"Basi binti yetu anatoka nyumba ambayo hata baba anajua kushibisha watu," alisema mjomba, akasukuma bakuli mbele. "Leteni ugali tuongee."

Ugali. Nilimwangalia Mpishi, nikangoja hotuba ya mkate. Alikwenda mwenyewe kuuchukua. Walikula mpaka sufuria ikagonga, na maneno ya ndoa yakaisha jua likiwa bado juu.

Jikoni nilimkuta Mama Atieno na bakuli, amekaa kwenye kigoda. Sikumwona akianza, nilimwona anamaliza. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, hajui kama ruhusa yake imeisha.

"Miaka yote hii ulikuwa unawapa watu kitu hiki?" Mama Atieno alimwuliza.

"Ulikuwa hutaki."

"Ungenilazimisha." Akamsogezea kigoda kingine kwa mguu. "Kaa."

Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya banda la kuku, kwa furaha, na sioni haya kusema.

Mara ya mwisho kukaa nao ilikuwa Desemba hii iliyopita, kule Sindo, ukoo wao ulipokutana nyumbani kwa kaka mkubwa. Wanaume walikuwa kwenye viti uani, Mpishi mwishoni kabisa, amezeeka, anasikia kwa sikio moja. Wanawake walikuwa jikoni, na sufuria ya chuma ilikuwa motoni. Mama Atieno alitoka mlangoni akaita, kwa sauti ambayo uani pote walisikia, "Baba Atieno, njoo. Sisi hatuiondoi mpaka uonje wewe."

Kaka mkubwa akacheka. "Ati unaitwa jikoni?"

"Naitwa," alisema Mpishi. Akainuka. Alivuka ule uwanja wote taratibu, mbele ya kaka zake, mbele ya wake zao na watoto wao, akaingia. Alionja, akaongeza chumvi kwa ncha ya kidole, akasema iondolewe, na wanawake sita wakaiondoa.

Mabakuli yalikwenda uani yakarudi matupu. Yakaenda tena. La kaka mkubwa liliporudi mara ya tatu mikononi mwa mjukuu, Mama Atieno alilikataa. "Mwambie aje mwenyewe, mwenye kupika yuko hapa."

Tulidhani hatakuja. Alikuja. Mzee yule alisimama kwenye mlango wa jiko, kofia kwapani, bakuli tupu mbele yake. Mpishi alilichukua, akalijaza pomoni, akamrudishia.

"Shika kwa mikono miwili," alimwambia. "Ni moto."